Farasi Jike Anapobadilika Tabia: Jinsi ya Kujua Kama ni Homoni, na la Kufanya

Farasi jike akipiga mateke, akikataa kusonga anapobanwa na miguu ya mpandaji, au akikojoakojoa kila anapokaribiwa, jibu la haraka zizini huwa ni moja: "yuko kwenye joto." Mara nyingi jibu hilo ni kosa. Farasi wengi wanaopewa dawa za homoni wana vidonda vya tumbo, mgongo unaouma au tandiko lisilowakaa vizuri. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, thibitisha kwanza kwamba tatizo linakwenda sambamba na mzunguko wa ovari. Mzunguko una kalenda yake. Maumivu huja kila kazi inapogusa mahali panapouma, iwe leo au wiki ijayo.

Mzunguko wenyewe

Mzunguko mmoja huchukua siku 21 au 22, ingawa siku 19 hadi 24 bado ni kawaida. Ndani yake, joto huchukua siku 5 hadi 7. Katika siku hizo folikali, yaani kifuko chenye yai, hukua kwenye ovari na kutoa estrojeni. Ikifika kipenyo cha milimita 35 hadi 45 au zaidi kidogo, hupasuka na kuachia yai, kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla dalili za joto hazijaisha. Pale ilipopasuka hujengeka tezi ya muda, tuiite tezi ya manjano, inayotoa projesteroni kwa takriban wiki mbili. Projesteroni ndiyo inayozima joto. Mimba isiposhika, mji wa mimba hutoa prostaglandini, tezi hiyo hufa, projesteroni hushuka na joto hurudi.

Shika vizuri mlolongo huu, kwa sababu karibu kila tiba iliyotajwa hapa chini inaingilia hatua mojawapo.

Urefu wa mchana ndio unaoendesha msimu. Katika nchi zenye majira ya baridi na mchana mfupi, ovari za majike wengi hulala kwa miezi kadhaa, kisha huamka mchana unaporefuka. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, jike anaweza kuendelea na mzunguko mwaka mzima. Pale penye msimu, kipindi cha kuamka ndicho chenye malalamiko mengi kuliko vyote: folikali hukua na kunywea bila kupasuka, na jike huonyesha joto lisiloeleweka, siku tatu leo, siku kumi baadaye, pengine wiki kadhaa mfululizo. Huo si ugonjwa. Yai la kwanza likishatoka, mzunguko hujipanga wenyewe.

Joto linavyoonekana, na lisivyoonekana

Jike aliye kwenye joto la kweli huinua mkia na kuuweka pembeni, hutanua miguu ya nyuma na kujikunyata kidogo, hukojoa kidogo kidogo, na midomo ya uke hufumba na kufumbuka mara kwa mara. Akiletewa dume husimama, wakati mwingine humwegemea. Wengi wao huwa wazembe na wazito kazini, si wakali.

Ukali wa masikio yaliyolazwa nyuma, ukelele mkali, mkia unaopigwapigwa na mateke kuelekea dume ni dalili za jike *asiye* kwenye joto, aliye chini ya projesteroni. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanaona mateke, wanasema joto, wanampa dawa inayofanya kazi ya projesteroni, na hakuna kinachobadilika. Kingebadilikaje?

Kuna pia jike, hasa mchanga au mwoga, anayeinua mkia na kumwaga mkojo kila akisogelewa na farasi mkubwa au mtu anayemhofia. Huko ni kujisalimisha. Utamtambua kwa mambo mawili: anafanya hivyo siku yoyote ya mwezi, na kichwa chake kinaonyesha hofu, masikio yakiwa nyuma na mwili umekaza. Tiba yake ni kumpa nafasi, kumtenga na anayemtisha, na mafunzo ya taratibu.

Daftari la wiki tisa

Chukua daftari, andika kila siku kwa wiki tisa, yaani karibu mizunguko mitatu. Wiki tatu hazitoshi, kwani tukio moja linaweza kuangukia siku za joto kwa bahati tu. Kila siku andika:

- tarehe na saa, ikiwezekana saa ileile kila siku;
- tabia kwa alama ya 0 hadi 3, ambapo 0 ni kawaida na 3 ni hatari kwa mtu;
- tatizo lilitokea wapi: kupigwa brashi, kufungwa mkanda wa tandiko, kupandwa, kuchunga na wenzake, kulishwa;
- kazi aliyofanya, nani alimpanda, tandiko gani;
- dalili za joto ulizoziona kwa macho, na mkojo ulivyo;
- mabadiliko ya chakula, farasi mgeni, safari.

Mwenye dume tulivu ampitishe upande wa pili wa ukuta au lango imara, kila baada ya siku mbili, na kuandika jike alivyoitikia. Waya au kamba havifai kwa kazi hii, maana teke moja linatosha kumjeruhi mmojawao. Dume akiwa peke yake na saisi wake, na jike akiwa na mtu mwingine, dakika chache zinatosha.

Daftari likijaa, hesabu siku kati ya vilele vya alama. Vilele vikirudi kila siku 19 hadi 24 pamoja na dalili za joto, ovari zinahusika. Vikirudi kwa mpangilio huo lakini bila joto, tena jike akimkataa dume, tatizo liko kwenye nusu ya projesteroni. Vikidumu siku moja au mbili tu mwishoni mwa joto, huenda anaumia yai linapotoka: ovari yenye folikali kubwa huuma, na baadhi ya majike huonyesha msokoto mdogo wa tumbo, hugeuka kutazama ubavu au hukataa mguu wa mpandaji upande mmoja. Alama zikitawanyika bila mpangilio, au zikifuata mkanda wa tandiko na wala si tarehe, achana na homoni kwanza.

Tafuta maumivu kabla ya homoni

Anza na tandiko na mgongo. Pitisha vidole kwa mkandamizo wa wastani pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka begani hadi kiunoni, na uangalie ngozi inavyoruka au mgongo unavyozama. Rudia siku nyingine akiwa hana joto. Jike anayeumia siku zote mbili, huenda tatizo lake si la ovari. Kisha mwangalie akitembea na kukimbia polepole kwenye ardhi ngumu, kwa mstari na kwa duara. Kuchechemea kidogo kwa miguu ya nyuma huonekana kama ubishi kazini.

Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno kwa farasi wanaofanya kazi, wanaokaa saa nyingi bila nyasi na kula nafaka nyingi. Dalili yake maarufu ni hasira wakati wa kufungwa mkanda na kubanwa ubavuni. Daktari wa mifugo huvithibitisha kwa kamera inayoingizwa hadi tumboni. Matibabu ya kawaida ni omeprazoli miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa wiki nne, pamoja na kuongeza nyasi na kupunguza nafaka.

Njia ya mkojo na uzazi nayo ikaguliwe. Mawe ya kibofu, uvimbe wa uke, au uke usiofunga vizuri unaovuta hewa ndani, vyote humfanya jike akojoe kidogo kidogo na kuinua mkia, na mtu akadhani ni joto lisiloisha. Uke unaovuta hewa hutoa mlio anapokimbia, na hushonwa kwa upasuaji mdogo.

Daktari aitwe lini na apime nini

Mwite siku ambayo tabia ni mbaya, halafu mara ya pili siku ambayo jike ametulia. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Kwa ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa ataona kama kuna folikali kubwa, tezi ya manjano, au ovari isiyo ya kawaida. Damu hupimwa projesteroni siku hiyohiyo: zaidi ya nanogramu 1 kwa mililita maana yake kuna tezi ya manjano inayofanya kazi, kwa hiyo jike hayuko kwenye joto hata kama mwenye farasi anaapa kwamba yuko.

Neno "vimbe za ovari", kwa maana ya folikali zilizokwama na kuharibu tabia kama ilivyo kwa ng'ombe, halina nafasi kwa farasi. Folikali kubwa za mwanzo wa msimu husingiziwa sana. Tatizo la kweli la ovari linalobadili tabia ni uvimbe wa seli za granulosa, yaani seli zinazolizunguka yai ndani ya folikali. Ovari moja hukua sana, mara nyingi ikionekana ndani kama sega la nyuki, na ile nyingine husinyaa ikawa ndogo na ngumu. Jike anaweza kuacha joto kabisa, kuwa kwenye joto lisiloisha, au kuanza tabia za dume: kuwapanda wenzake, kuwakusanya na kuwalinda, shingo kunenepa. Vipimo vya damu ni homoni ya AMH, inhibini na testosteroni, na AMH ndiyo ya kutegemewa zaidi.

Kabla ya kushtuka na tabia za dume, hakikisha jike hana mimba. Katikati ya ujauzito testosteroni hupanda kwa sababu ya viungo vya uzazi vya kijusi, na jike aliyekuwa mpole anaweza kuwafukuza wenzake kwa wiki kadhaa. Hupita yenyewe. Uliza pia kama amewahi kudungwa dawa za kujenga misuli. Hizo nazo huleta udume.

Siku za joto zizini

Jike ambaye daftari limeonyesha ni mzito na msahaulifu kwa siku tano hahitaji dawa. Panga kazi yake upya: siku hizo fupisha mazoezi, tumia anachokijua tayari, acha mafunzo mapya hadi joto lipite. Kanuni za adabu zibaki vilevile, yaani kutoegemea mtu, kutogeuza makalio na kusimama anapofungwa. Ukimwachia siku tano kila wiki tatu, atajifunza kwamba kuegemea kunaruhusiwa. Kumpiga nako hakusaidii. Anayeumwa ovari huunganisha maumivu na tandiko, na tatizo hubaki hata joto likiisha.

Mweke mbali na dume na farasi waliohasiwa wanaomsumbua, asiwaone wala kukaa nao ukuta kwa ukuta. Muda mwingi malishoni na nyasi za kutosha humpunguzia msongo. Mkojo uliokauka kwenye mapaja huunguza ngozi, basi osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, ukiwa umesimama ubavuni, bega lako likigusa kiuno chake.

Altrenojesti

Hii ndiyo dawa yenye ushahidi mzuri zaidi. Ni projesteroni ya kutengenezwa, hutolewa mdomoni mara moja kila siku, miligramu 0.044 kwa kilo ya uzito. Dawa ya farasi kwa kawaida ina miligramu 2.2 kwa mililita, kwa hiyo jike wa kilo 500 hupata mililita 10 na wa kilo 400 mililita 8. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kila unaponunua, maana dawa hiyohiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya nguruwe inaweza kuwa na nguvu tofauti. Wengi hutulia ndani ya siku mbili au tatu. Kwa mashindano anza mapema zaidi, usisubiri asubuhi ya safari.

Itolewe saa ileile kila siku, juu ya chakula kidogo anachokimaliza chote, au kwa bomba nyuma ya ulimi. Kuruka siku hurudisha joto, na hapo watu husema dawa imegoma. Ukiacha, joto hurudi ndani ya siku chache.

Hatari iko kwa anayeitoa. Dawa hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Vaa glavu za nitrili, neoprini au vinili. Za lateksi hazizuii. Mwanamke mjamzito au anayedhani ni mjamzito asiishike kabisa, wala mtu mwenye historia ya damu kuganda au saratani inayotegemea homoni. Wanawake wengine wanaweza kuvurugikiwa na hedhi. Ikimwagika ngozini, osha mara moja kwa sabuni na maji. Ndoo na midomo ya farasi huwa na mabaki, na saisi wa zamu ya jioni aambiwe.

Usimpe jike mwenye maambukizi ya mji wa mimba au aliyewahi kuyapata mara kwa mara, kwani projesteroni hupunguza kinga ya mji huo na usaha unaweza kujaa ndani. Kwa mashindano soma kanuni za mchezo wako kwanza: Shirikisho la Kimataifa la Farasi, FEI, huiruhusu kwa majike wenye tatizo la joto kwa masharti ya fomu, lakini mbio za farasi zina kanuni zake, tena kali.

Matumizi yake ya pili ni kama kipimo. Mpe kwa siku 30 ukiendelea na daftari. Tabia isipobadilika kabisa, sababu haiko kwenye joto, na hakuna tiba nyingine ya kuzima ovari itakayosaidia. Ikibadilika, tulia kidogo kabla ya kushangilia, kwa sababu dawa za aina hii hutuliza ubongo wenyewe pia, na farasi mwenye wasiwasi anaweza kuonekana amepona.

Oksitosini, kwa asiyetaka dawa ya kila siku

Lengo hapa ni kuifanya tezi ya manjano ya jike mwenyewe iishi muda mrefu. Siku ya kutoka yai huthibitishwa kwa ultrasaundi. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 baada ya hapo, hudungwa uniti 60 za oksitosini kwenye msuli mara moja kila siku, yaani mililita 3 za dawa yenye uniti 20 kwa mililita, au mililita 6 za ile ya uniti 10. Kwa majike wengi, ingawa si wote, mji wa mimba haufikii kutoa prostaglandini na joto halirudi kwa takriban miezi miwili, wakati mwingine karibu mitatu. Asiyepimwa ultrasaundi anaweza kudungwa kila siku kwa siku 29 mfululizo kutoka siku yoyote ya mzunguko. Kazi ni kubwa zaidi, matokeo ni yaleyale.

Jike anaweza kutoka jasho au kuonyesha msokoto mdogo kwa dakika chache. Hakikisha hana mimba. Kosa la kawaida ni kuianza mwanzo wa msimu, wakati hakuna yai lililotoka. Tezi haipo, kwa hiyo hakuna cha kurefusha. Kosa lingine ni kuanza siku ya 12 au 13, wakati umechelewa. Thibitisha kwa projesteroni ya damu siku ya 25 hivi. Ikiwa juu ya nanogramu 1, imeshika.

Kwa yule anayeumia siku ya yai kutoka, njia ni nyingine: folikali ikifika milimita 35 na jike akiwa kwenye joto, daktari humdunga hCG au deslorelini, yai likatoka ndani ya siku mbili hivi, na joto likafupishwa.

Yasiyofaa, na yanayofaa kwa wachache

Medroksiprojesteroni, sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu, ilijaribiwa kwa majike na haikuzima joto; imehusishwa pia na mzio mkali. Vipandikizi vya homoni vya ng'ombe wa kuchinja navyo havizimi joto. Gololi ya kioo inayowekwa ndani ya mji wa mimba hufanya kazi kwa karibu nusu tu ya majike, na imepatikana imevunjika, imesahaulika kwa miaka au imeleta usaha. Usiiweke. Mitishamba na magnesiamu vina ushahidi hafifu.

Chanjo dhidi ya GnRH, homoni ya ubongo inayoanzisha kazi ya ovari, dozi mbili zikitengana wiki nne hivi, hunyamazisha ovari kwa miezi. Misuli huvimba na kukakamaa kwa siku kadhaa, na wengine hawarudi kwenye mzunguko kwa wakati unaotabirika, kwa hiyo isipewe jike anayetarajiwa kuzaa. Kumpandisha ili "atulie" humpa mwenyewe miezi kumi na moja ya ujauzito na mwana wa kulea, tena wa mama mwenye tabia unayoilalamikia.

Kuondoa ovari zote mbili kunafaa kwa jike ambaye altrenojesti ilimbadilisha waziwazi na mwenyewe hataki uzao. Ambaye dawa haikumsaidia, kisu hakitamsaidia. Mwenye farasi aambiwe mapema jambo moja: farasi hana projesteroni tena baada ya ovari kutoka, na homoni kidogo za tezi za juu ya figo zinatosha kuwafanya baadhi ya majike waendelee kuonyesha joto, hata bila mpangilio wa siku.

Uvimbe wa granulosa ni habari tofauti: ovari mbaya hutolewa, mara nyingi farasi akiwa amesimama, kwa ganzi na vifaa vinavyopitia matundu madogo ubavuni. Ovari iliyobaki huamka baada ya miezi 6 hadi 8 kwa wengi, na jike anaweza kuzaa tena. Tabia za dume hupungua taratibu kadiri homoni zinavyoshuka, lakini zile alizozizoea kwa miaka, kama kuwazuia wenzake wasifike majini, hubaki hadi afundishwe upya, na asirudishwe kwenye kundi lilelile mpaka vidonda vya upasuaji vipone.